Kaizari Asiye na Pua

Mkusanyaji wa sarafu chakavu za Roma haoni kwa macho, huona kwa imani. Anakuonyesha kipande cha shaba kilicholika kama kifungo cha koti kuukuu, anakwambia, “Huyu Constantine.” Unatazama: pua hamna, jina hamna, kidevu cha kukisia.

Za Bizanti afadhali. Tangu Kaizari Anastasius alipozifanyia mageuzi mwaka 498, follis, sarafu ya shaba, ilibeba M kubwa, yaani thamani ya nummi (visarafu vidogo) 40, na M hiyo haifutiki upesi. Basi bwana wetu akiokota mguu mmoja wa herufi, hujaza kadi nzima ya maelezo, akailaza sarafu kwenye mahameli.

Ukimuuliza mbona hanunui nzima, ananuna: hizo, anasema, zilifukiwa chunguni mapema, hazikuwahi kwenda sokoni.