Jumatano, Saa Sita Kamili

Aliyebuni king'ora hakukusudia kipendwe. Kazi yake ni kukutoa usingizini, kukurusha roho na kukukimbiza kujificha. Kwa hiyo ukikutana na mtu anayefumba macho na kukuapia kwamba ving'ora vya enzi ya Rais Eisenhower vilikuwa vitamu kuliko hivi vya sasa, una kila sababu ya kumtilia shaka. Mimi mtu wa namna hiyo nimepewa awe jirani, tena gereji yake imepakana na dirisha la jiko letu.

Tunaishi pembezoni mwa Columbus, Ohio. Hapa kila Jumatano saa sita mchana ving'ora vya kaunti nzima hulia kwa majaribio. Sasa mtu aliyekulia Dar es Salaam akisikia king'ora hutazama barabarani: ni zimamoto, ni gari la wagonjwa, au ni msafara wa mkubwa fulani na wewe mnyonge jiweke kando. Jumatano yangu ya kwanza nilijiweka kando. Nikasimama pembeni kwa adabu zote, begi kifuani, nikingoja pikipiki za trafiki zitokeze. Kilichotokeza ni bibi mmoja na mbwa wake, na hakuna kati yao aliyeinua hata sikio. Wamezoea mno. Tonado yenye akili ingekuja Jumatano saa sita, ipite zake bila kuulizwa.

Ila ving'ora hivyo havikuwekwa kwa mapambo. Tarehe 3 Aprili 1974 tonado iliupiga mji wa Xenia, kusini-magharibi mwa hapa, ikaua watu zaidi ya 30, na mji wakati huo haukuwa na ving'ora vya kuwaonya. Vingi vya zamani vilivyomo nchini humu vilisimikwa hata kabla ya hapo, kwa hofu ya mabomu ya Warusi. Mlio mmoja ulionyooka ulikuwa wa tahadhari. Mlio unaopanda na kushuka maana yake ndege za adui zimeshafika. Mzee jirani yangu alifundishwa kutofautisha milio hiyo akiwa shule ya msingi, chini ya dawati. Wenzake walikua wakaisahau. Yeye akasomea umeme, akastaafu, kisha akaenda kununua king'ora.

Kilifika juu ya treila kutoka kituo cha zimamoto cha kijijini kilichokuwa kikibadilisha mitambo. Kimechujuka rangi, kina kutu hadi kwenye nati, na ubavuni kina tundu la risasi, maana wawindaji wa vijijini wakikosa paa hawapendi kurudi nyumbani bila kupiga chochote. Mzee alilipapasa lile tundu kwa kidole, akanyamaza kidogo, akasema huyo aliyepiga angekuwa na heshima angelenga nguzo.

Kazi yangu ilikuwa kushika tochi. Mgeni akishika tochi vizuri hupandishwa cheo, na mimi nilipanda hadi kushika spana. Siku ya kufungua kifuniko cha juu nilikuwa chini, Mzee yuko kwenye ngazi. Ndani mlikuwa na kiota kikavu cha ndege, na nyuma ya kiota, kwa siri, familia kubwa ya nyigu iliyokuwa ikikaa bure kwa miaka. Sijapata kumwona mtu wa umri ule akishuka ngazi bila kukanyaga hata daraja moja. Mama watoto, aliyekuwa dirishani akikaanga samaki, anasema kilichomuudhi si sisi kukimbia, bali ni sisi kukimbilia jikoni kwake na kuacha mlango wazi.

Baada ya nyigu kuhamishwa, tukaona jinsi kitu chenyewe kinavyofanya kazi, na hapo nikiri kwamba nilianza kumwelewa Mzee. King'ora cha aina hii hakina spika wala chochote cha kutoa sauti. Kinakata hewa, basi. Katikati kuna rota, pipa fupi la chuma lenye madirisha pembeni, nalo limezungukwa na pipa jingine lisilosogea, lenye madirisha vilevile. Mota ikizungusha rota, hewa huvutwa ndani na kurushwa nje, na kila madirisha yakikutana inachomoka, yakipishana inabanwa. Idadi ya madirisha mara mizunguko kwa sekunde ndiyo sauti. Mota hii huzunguka mara 3,450 kwa dakika, yaani mara 57 na nusu kwa sekunde. Upande mmoja una madirisha 10, mwingine 12; kwa hiyo kinatoa sauti mbili kwa mpigo, moja ya mitetemo 575 na nyingine 690. Uwiano wa tano kwa sita. Mwanamuziki yeyote ataitambua huzuni iliyomo humo, na Waingereza walioishi chini ya ndege za Wajerumani waliisikia hiyohiyo kwenye ving'ora vyao, maana navyo vilikuwa na 10 kwa 12.

Nafasi kati ya rota na pipa la nje ni nyembamba sana. Ikizidi, sauti inavuja na kuwa hafifu. Hili lilielezwa kwa kirefu na kwa ukali kwa mjukuu wa Mzee, aliyepewa brashi na kopo la rangi ya manjano. Kijana akaitikia, akapaka tabaka la kwanza, akapenda alivyopaka, akaongeza. Rota ilipowashwa ikazunguka nusu, ikaguna, ikanasa. Tulitumia Jumapili nzima kukwangua kwa msasa upendo wa yule kijana.

Jumamosi huja wenzake Mzee, wastaafu watupu, kila mmoja na kahawa yake na simu iliyojaa sauti za ving'ora. Hubishana kama wazee wa Tanga wanavyobishana juu ya waimbaji wa taarab. Yuko anayeshikilia Thunderbolt ya kampuni ya Federal, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1952: ile hupulizwa hewa na mashine ya pembeni, na pembe yake huzunguka taratibu, kwa hiyo sauti inakujia, inakupita, inakwenda kuwatisha wengine, inarudi. Yuko wa Chrysler, na huyo husemea juu: king'ora chenye injini ya V8 ya nguvu farasi 180, uzito wa tani karibu tatu, desibeli 138 ukiwa umesimama futi 100. Kwa nini utake kusimama futi 100 kutoka kitu hicho, hajawahi kueleza. Cha kuchekesha ni kwamba mabishano yote haya ya ngurumo huamuliwa kwa spika ya simu isiyozidi ukucha.

Umeme nao ulileta yake. Mota ni ya fezi tatu, nyumba zetu zina fezi moja, na shirika la umeme halikuonyesha hamu ya kumvutia Mzee laini mpya kwa sababu alizozitaja. Akafunga kifaa cha kubadili masafa ya umeme, ambacho faida yake ni kwamba unaweza kuzungusha mota polepole. Ukipunguza kasi nusu, sauti hushuka oktavu nzima. Mzee akasema tujaribu hivyo, mlango wa gereji umefungwa, hakuna atakayejua.

Kilichotoka humo kilikuwa mlio wa chini, mzito, wenye masikitiko. Mbwa wa mtaa mzima wakajibu. Jikoni, mama watoto alikuwa kwenye simu na mama yake, Tanga. Simu nikapewa mimi nijibu maswali. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Hamjambo? Huyo ng'ombe ni wenu au wa jirani?" Nikasema wa jirani. "Mwambie amkamue, anaumia."

Kasi kamili lilikuwa jambo jingine. Nchi hii ina kumbukumbu mbaya ya ving'ora visivyo na sababu. Septemba 1959 timu ya besiboli ya White Sox ilishinda ubingwa wa ligi yake, na mkuu wa zimamoto wa Chicago, kwa furaha, akaamuru ving'ora vya jiji vipigwe usiku. Watu walidhani ni Warusi wamefika. Aprili 2017 wadukuzi waliliza ving'ora vyote 156 vya Dallas karibu na usiku wa manane, na simu za dharura zikamiminika kwa maelfu. Mzee hakutaka kuwa wa tatu katika orodha hiyo. Akapiga hesabu zake, akaja na jawabu: Jumatano, saa sita kamili. Kaunti ikilia, nasi tulie chini ya mlio wao. Tena hapo ndipo tutalinganisha la kale na la sasa, ana kwa ana.

Kama mpango ulikuwa na kasoro, ilikuwa kwenye kile kifaa. Hakiruhusu mota kurukia kasi. Huipandisha kwa upole. Cha kaunti kikalia, Mzee akabonyeza, chetu kikaanza kuguna, kikapanda, kikapanda, na majaribio ya kaunti si marefu. Chetu kilifika kileleni wakati chao kinazima. Hapo mtaa mzima ukabaki na king'ora kimoja kilichokataa kunyamaza. Mzee akazima umeme. Lakini rota haina breki, na beringi tulizofunga zilikuwa mpya, za bei mbaya, zimejazwa grisi ya kupimwa. Tulikuwa tumejisifu kwazo mwezi mzima. Ile rota iliendelea kuzunguka na kushuka kwa maringo huku mimi nikitafuta pa kujificha na Mzee amesimama mikono nyuma, machozi yanamlengalenga, akinong'ona kwamba sikiliza mkia huo, sikiliza.

Hakuna aliyeita polisi. Jioni majirani walikutana kwenye nyasi wakailalamikia kaunti: kodi tunalipa, mitambo hawaikarabati, leo imekwama tena. Ningedhani Mzee angeshukuru Mungu akaingia ndani. Badala yake alinuna siku kadhaa. Miezi yote ile ya msasa, na hakuna sikio hata moja lililotambua kwamba sauti ile haikuwa ya kaunti!

Kumpoza, nikamsimulia habari ya ng'ombe. Akaniuliza mama huyo alisikia kwa simu tu? Kutoka bara lingine? Na alijua kwamba kilikuwa kitu kimoja, chenye pumzi, chenye maumivu? Basi huyo ndiye anayefaa kuwa mwamuzi. Jaribio lijalo litafanyika shambani kwa rafiki yake, zimamoto na majirani wakiwa wameshaarifiwa, ving'ora viwili, cha kale na cha sasa, bega kwa bega, na mama mkwe kwenye simu.

Mama amekubali, kwa sharti. Saa sita yetu ni saa moja usiku kwao. Magharibi itakuwa imeshaswaliwa na Isha bado, kwa hiyo tuwahi, adhana haitasubiri ng'ombe wa mtu. Nilipomfikishia Mzee sharti hilo alitoa daftari, akataka kujua vipaza sauti vya msikiti huo ni vya mwaka gani.