Pikseli Milioni Nane za Kujionyesha

Mnunuzi wa kompyuta ya gemu siku hizi huanza na kioo, tena cha 4K, ndipo akumbuke kwamba kioo hicho kinahitaji mashine ya kukilisha. Hesabu haina huruma: skrini ya 1080p ina pikseli 2,073,600, ya 4K ina 8,294,400, yaani mara nne kamili. Kadi ya picha iliyokuwa ikitamba juzi huongezewa kazi kwa mshahara uleule, na mwenyewe anashangaa gemu inakwenda kwa kwikwi. Wengine huchomeka kwenye tundu la HDMI 1.4, ambalo kwa 4K huishia herzi 30, hata kioo kiwe kimeandikwa 144 kwenye boksi.

Utaambiwa kuna DLSS, teknolojia ya kukuza picha. Ni kweli ipo, na inafanya kazi nzuri. Ila katika mpangilio wake wa kutafuta kasi, kadi huchora picha ya 1080p, kisha programu huikuza ifikie 4K. Bwana mkubwa amelipia pikseli milioni nane ili nyingi zibuniwe! Mwingine atatetea ukali wa herufi. Sawa kabisa, kwa anayesoma nyaraka kutwa. Adui anayekufyatulia risasi hana maandishi usoni. Kwa inchi 27, kioo cha 1440p chenye herzi 144 kinatosha. Fedha inayobaki itie kwenye kadi, ingawa wageni hawataisifu, maana imefichwa ndani ya kasha.