Ati Bastola ya Plastiki!

Mfyuu! Dogo kaangalia Die Hard 2 juzi, leo anatutoa jasho hapa kijiweni: ati Glock haionekani kwenye mashine za uwanja wa ndege. Hebu tulia, mwanangu. Filamu ile ya 1990 ilitaja Glock 7, bastola ya kaure kutoka Ujerumani. Haijawahi kuwepo. Glock ni ya Austria, mtutu wake chuma, na ile sehemu ya juu inayorudi nyuma kila risasi ikitoka, nayo chuma. Plastiki ni fremu, pale unapokamata. Na hata hiyo hawakuianza wao: Heckler & Koch wa Ujerumani walishaitoa bastola ya VP70, nayo ya fremu ya plastiki, tangu 1970.

Nyie hamuulizi aliyeiunda Glock alikuwa nani. Gaston Glock, mtu wa fimbo za mapazia na visu vya jeshi, karakana yake Deutsch-Wagram, jirani na Vienna! Jeshi la Austria linatafuta mrithi wa bastola ya Walther P38, naye anaingia ulingoni hajawahi kuunda bastola. Mwaka 1982 kawabwaga wenye majina yao. Polisi wa Marekani, waliozoea rivolva ya risasi 6, wakaona magazini ya 17, wakaikimbilia.

Sawa, nyepesi, haina mambo mengi. Ila kuna jambo halinikai. Swichi ya usalama ya kubonyeza kwa dole gumba haipo! Kuna kilimi katikati ya triga. Usipokikandamiza, triga haiendi. Ndani mna vizuizi vingine viwili, ikidondoka isifyatuke. Lakini kidole kikishatua pale, kilimi na triga vinaondoka pamoja, basi tena. Halafu ukitaka kuifungua uisafishe, lazima kwanza uvute triga! Umechomoa magazini ukajiona umemaliza, kumbe risasi moja imebaki chemba. Hapo ukitoboa ukuta tu, shukuru Mungu. Watetezi wake watakwambia kosa ni la mtumiaji. Nyoo! Unaunda kitu cha kuua kwa kutegemea binadamu hasahau?

Na Gaston mwenyewe yalimkuta. Mwaka 1999, umri miaka 70, yuko kwenye maegesho ya magari Luxembourg, muuaji wa kukodiwa akamvamia kwa nyundo ya mpira. Nyundo, jamani, si bastola! Mzee akapigwa kichwani, damu chapachapa, naye akarudisha ngumi mpaka jamaa akawa hoi. Na aliyemtuma, hamtaamini, ni yule yule aliyekuwa akimsimamizia pesa zake.