Babu Yangu Alikuwa Askari wa Babu Yako

Mtukufu Mfalme Charles wa Tatu,
Kasri la Buckingham,
London.

YAH: KIINUA MGONGO CHA ASKARI WA KEYA

Mtukufu Mfalme, shikamoo.

Naanza na salamu hiyo kwa kuwa umenizidi umri, na kwetu Tanga mtu hamwelezi mkubwa wake shida kabla hajamwamkia. Naomba radhi pia kwa kukuandikia kwa Kiswahili. Sikufanya hivyo kwa kuidharau lugha yako. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya amri katika King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu walilifupisha jina wakaliita Keya, na maofisa waliotoka kwenu walilazimika kujifunza Kiswahili ili waweze kusema na askari wao. Babu yangu aliamriwa kwa lugha hii, akatii kwa lugha hii. Nikaona barua inayomhusu isije kwako kwa lugha nyingine.

Kwa idhini yako, nieleze kwanza undugu unaonipa ujasiri wa kukuandikia. Hayati Mfalme George wa Sita alikuwa babu yako mzaa mama. Alipofariki tarehe 6 Februari 1952 ulikuwa na miaka mitatu, na mama yako alikuwa hapa jirani, Kenya, alikopewa habari za msiba. Mimi nami ninayekuandikia habari zake ni babu yangu mzaa mama. Hawakupata kuonana ana kwa ana. Hata hivyo babu yangu aliijua vizuri sana sura ya babu yako, maana ilikuwa kwenye kila shilingi aliyolipwa, upande mmoja Mfalme, upande wa pili simba na milima. Aliiona tena kwenye medali aliyorudi nayo vitani: upande mmoja Mfalme, upande wa pili simba amesimama juu ya joka lenye vichwa viwili. Tulipokuwa watoto tulidhani shilingi na medali ni kitu kimoja, kwamba ile kubwa ilikuwa pesa ya watu wazima.

Babu alizaliwa Songea. Alikuja Korogwe akiwa kijana mdogo, kwa mkataba, akawa manamba katika shamba la mkonge. Kazi yake ilikuwa kukata majani, kuyafunga mafungu, kuyapanga kando ya njia ya tololi yapelekwe kwenye mashine ya korona yakasagwe. Alikuwa na kipande, ile kadi ya kuhesabia siku, na nyapara ndiye aliyeamua kama siku yako imehesabika au haikuhesabika. Aliyekata pungufu, siku yake ilipotea. Babu alikuwa akisema miiba ya mkonge ilimfundisha kutolia, na nadhani hakusema hivyo kwa kujisifu. Mikono yake ilikuwa na makovu membamba kama mistari ya daftari, na ndiyo mikono iliyokuja kushika bunduki ya Mfalme.

Naomba unisikilize kidogo juu ya mkonge, Mtukufu, maana watu husahau kwamba nao ulikwenda vitani. Wajapani walipoiteka Ufilipino na kisiwa cha Java mwaka 1942, nyuzi za kutengenezea kamba za meli zilizokuwa zikitoka huko zilikatika. Mataifa yaliyopigana upande wenu yakaigeukia Tanganyika. Wanaume wakatakiwa kote kuwili, wengine wachukuliwe kukata mkonge, wengine wachukuliwe kushika silaha. Kutoka Tanganyika peke yake takriban wanaume 87,000 waliingia jeshini. Babu alitoka shambani akavaa sare, na kwa maneno yake mwenyewe hakuona tofauti kubwa siku za mwanzo: kengele alfajiri, namba badala ya jina, na mtu wa kukuhesabu.

Aliwekwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na alama ya kichwa cha kifaru begani. Walipanda meli Mombasa wakaenda Ceylon, ambayo yeye mpaka kufa kwake aliiita Selani. Huko walifundishwa vita vya msituni. Alikuwa na mwenzake waliyetoka naye Korogwe, wakalala kibanda kimoja enzi za mkonge, naye aliingizwa kikosi cha mizinga kilichobaki nyuma. Mwenzake huyo alipanda meli iitwayo Khedive Ismail, iliyong'oa nanga Mombasa mwanzoni mwa Februari 1944. Tarehe 12 mwezi huo, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga. Ilizama kwa muda usiotimia dakika tatu. Katika watu 1,500 hivi waliokuwamo walikufa karibu 1,300, wengi wao wakiwa askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi wanawake. Babu alikuwa Selani akimsubiri mwenzake ashuke bandarini. Habari hiyo aliisimulia mara moja tu mbele yangu, usiku wa msiba mwingine, akanyamaza, na hakuna aliyethubutu kumwuliza zaidi.

Kutoka Selani walipelekwa Burma. Kuanzia kati ya mwaka 1944 walishuka na bonde la Kabaw, katikati ya masika ya huko, wakiwafukuza Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma. Vitabu vya vita huliandika bonde hilo kwa majina ya vijiji na tarehe. Kwa babu lilikuwa tope. Tope la kufika mapajani, magari yamekwama, majeruhi wanabebwa na watu kwa machela, chakula kinadondoshwa na ndege kwa miavuli na kingine kinaangukia mahali pasipofikika. Malaria iliwaangusha watu kama ilivyowaangusha risasi. Walipewa vidonge vya mepakrini kila siku mpaka ngozi na macho yakaingia umanjano. Njiani walikuta maiti za Wajapani waliokufa kwa njaa na maradhi, wamekaa kama watu waliopumzika. Kwa miezi mingi aliota hao waliokaa, hakuota waliolala.

Walifika Kalewa, kando ya mto Chindwin, tarehe 2 Desemba 1944. Wakavuka, wakaishikilia ng'ambo, na nyuma yao mafundi wa jeshi wakajenga daraja la vyuma lenye urefu wa futi 1,154, daraja la Bailey refu kuliko yote duniani kwa wakati ule. Tarehe 10 Desemba lilikuwa tayari. Majeshi yaliyokwenda kuikomboa Burma yalipita juu yake. Divisheni ya babu ilikuwa imechoka na kuugua kiasi kwamba ilirudishwa India kupumzika.

Sasa naomba, kwa unyenyekevu mkubwa, nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Mbali na medali ile ya simba, babu alirudi na Nyota ya Burma. Ninayo hapa mezani ninapoandika, imo ndani ya mkebe wa tumbaku uleule alimoihifadhi. Ina pembe sita, na katikati herufi za jina la babu yako chini ya taji. Nimejifunza kuwa nyota hii ilitolewa ileile kwa kila aliyestahili, jenerali na kuruta, Mwingereza, Mhindi, Mngoni, Mganda, Mkamba. Madini yaleyale, utepe uleule. Naliheshimu sana jambo hilo. Mtu aliyeamua kwamba kuwe na nyota moja aliona sawasawa.

Kiinua mgongo hakikuwa kimoja. Mwaka 2019 zilitangazwa hadharani hati za enzi hizo zinazoonyesha jinsi malipo ya kumaliza vita yalivyopangwa kwa askari wa Afrika Mashariki. Yalitazama cheo, yakatazama muda wa utumishi, kisha yakatazama rangi. Mzungu wa cheo kilekile, aliyetumika miezi ileile, aliweza kulipwa mpaka mara tatu ya Mwafrika. Juu ya mishahara ya kila mwezi wazee walijua tangu zamani kwamba hailingani. Hili la kiinua mgongo babu hakulijua. Alifariki mwaka 1988 akiamini kwamba lile fungu la mwisho, shukrani ya Mfalme, lilikuwa shukrani moja kwa wote, kama ilivyokuwa nyota. Alikuwa akisema hivyo waziwazi, kwamba mshahara ni wa serikali lakini bakshishi ile ilikuwa ya Mfalme mwenyewe.

Fungu lile alinunulia baiskeli na kutolea mahari ya bibi. Lilipokwisha akarudi kazini, safari hii bandarini Tanga, akabeba mgongoni marobota ya singa za mkonge zilezile alizoanza nazo maisha. Alibeba mpaka mgongo ulipokataa. Uzeeni alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala, amevaa koti la jeshi ambalo vifungo vyake bibi alivibadilisha kimoja kimoja. Hakuna aliyempigia saluti.

Mtukufu Mfalme, nimefuatilia ziara yako ya Kenya. Tarehe 31 Oktoba 2023, kwenye dhifa ya taifa Nairobi, ulisema kwamba ukatili waliofanyiwa Wakenya walipodai uhuru hauna udhuru. Kesho yake ulikwenda makaburi ya Kariokor, mahali penye jina linalotokana na wapagazi wa vita ya kwanza, kama Kariakoo yetu ya Dar es Salaam. Pale uliwakabidhi wakongwe wa vita ya pili medali mpya badala ya zile walizozipoteza au kuzitupa. Nilitazama picha ya tukio hilo nikalia, nisikufiche. Mzee mmoja mikono yake ilikuwa mikono ya babu.

Ulirudisha medali, na kwa hilo asante sana. Medali ndiyo iliyokuwa haki tangu mwanzo. Kilichopunjwa ni fedha, na juu ya fedha hizo bado hatujapata neno lako.

Nafahamu kwamba Mfalme wa Uingereza haamrishi hazina. Kuna Bunge na mawaziri, na hesabu ya fedha nitaipeleka kwao kwa barua nyingine. Kwako naomba kitu kilicho mikononi mwako mwenyewe, yaani kauli. Naomba, kwa heshima zote, siku utakayoona inafaa, useme hadharani kwamba askari wa Afrika Mashariki waliotumikia taji la babu yako walilipwa kwa rangi yao, na kwamba haikuwa haki. Useme kama mjukuu wa aliyetumikiwa, ili wajukuu wa waliotumika tusikie. Ukisema wewe, mawaziri watapata wepesi wa kufanya hesabu. Na wale wachache walio hai, waliokaribia au kupita umri wa miaka mia moja, watakuwa wamesikia kwa masikio yao kitu ambacho babu hakukisikia.

Tafadhali usichelewe, Mtukufu. Mwaka huu nimezika mzee mwingine wa Keya katika mtaa wetu, na sasa hapa mtaani hakuna aliyebaki.

Nakutakia afya njema na siha ya kuendelea na kazi zako.

Wako kwa heshima na taadhima,

Mjukuu wa askari wa Keya,
Tanga, Tanzania.