Barua ya Wazi kwa KCCA: Hongera kwa Kutupatia Uwanja Wenye Maegesho

Waheshimiwa wakuu wa Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala,

Pokeeni pongezi. Majiji mengine bado yanahangaika kupanda nyasi, kuweka mabenchi na kulipa wafagiaji ili wananchi wapate pa kukutania. Nyinyi mzigo huo mmewatwika wafanyabiashara, nao wameubeba bila kunung'unika. Mkazi wa Kampala anayetaka kupiga soga na rafiki, kupanga michango ya harusi au kuwatoa watoto Jumapili haulizi bustani iko wapi. Anasema tuonane kwenye maduka makubwa ya Lugogo, Acacia au Garden City. Pale Lugogo maduka yamezunguka maegesho yasiyo na paa, kwa hiyo jua na mvua huingia bila kukaguliwa na mlinzi. Sisi wengine tunapekuliwa kwanza.

Busara yenu inaonekana zaidi mtu akikumbuka tulichokuwa nacho. Karibu na Mahakama Kuu, kando ya Kampala Road, tuna Uwanja wa Katiba, wenye nyasi na miti, mahali ambapo mtu wa Kawempe na wa Makindye wote hufika kwa taksi moja. Yalipokuja maandamano ya kutembea kwenda kazini mwaka 2011, polisi walikwenda kuulinda, na kwa miaka iliyofuata waliulinda vizuri mno hata Katiba ikapata utulivu kamili: hapakuwa na raia wa kuisumbua. Jubilee Park iligeuka bustani ya hoteli ya Sheraton. Centenary Park, iliyopewa jina la miaka 100 ya jiji, ikajaa baa na mikahawa. Mji uliosifiwa kwa vilima vyake vya kijani sasa unakutana juu ya lami, katikati ya magari.

Najua mtajibu kwamba ni suala la usalama, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Tarehe 11 Julai 2010 mabomu yaliua watu zaidi ya 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia kwenye klabu ya raga ya Kyadondo, hatua chache kutoka Lugogo, na kwenye mkahawa mmoja wa Kabalagala. Lakini hizo zote zilikuwa sehemu za biashara, kama lilivyokuwa jengo la Westgate, Nairobi, lililoshambuliwa Septemba 2013. Kama hatari ndiyo sababu ya kufunga mahali, maduka yangetangulia kufungwa na Uwanja wa Katiba ungefuata mwisho kabisa.

Mtasema pia kwamba kwenye maduka hayo hakuna anayelipa kiingilio. Kweli. Ila hebu watu ishirini wasio na hata mfuko wa manunuzi wajikusanye pale kujadili bei ya mafuta, tuone watakaa dakika ngapi. Mwenye mali ana haki ya kuwaondoa, wala simlaumu. Yeye hakugombea udiwani wala hatozi kodi ya jiji. Isitoshe, uwanja wake unategemea hesabu za watu wa mbali. Kampuni ya supamaketi ya Uchumi ilifunga maduka yake hapa mwaka 2015, Nakumatt ikafuata 2017, na Shoprite ya Cape Town ikatangaza kuondoka 2021. Je, ni haki wazee wa Naguru wasubiri uamuzi wa wakurugenzi wa namna hiyo ili wajue watakutania wapi?

Kuhusu pesa, tazameni Forodhani, Zanzibar. Bustani ile ilikarabatiwa kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan ikafunguliwa tena mwaka 2009, na kila jioni pweza na mishikaki huuzwa pembeni ya watu waliokaa bure. Mfadhili alipatikana, wachuuzi wakapangiwa nafasi. Nyinyi Januari 2022 mliwafagia wachuuzi barabarani, na muuza chapati za rolex hana nafasi Acacia.

Kama mpango huu ndio wenu kweli, basi ukamilisheni: hamishieni jina la Uwanja wa Katiba kwenye maegesho ya Lugogo, na wagombea umeya waombe kura kati ya gari na gari. Kama hilo linawatia aibu, wekeni vyoo na mabenchi pale mbele ya Mahakama Kuu, acheni uwanja wazi tangu alfajiri hadi usiku, na asitakiwe mtu barua ya kibali ili aketi kwenye nyasi anazozilipia kodi.

Ni mimi, mkazi wa Kampala.