Ndege Adimu wa Mjomba

Ndege mweusi aliyewanyamazisha watu wote pembezoni mwa Msitu wa Magamba, juu ya mji wa Lushoto, alikuwa mfuko wa plastiki. Mjomba, mgeni kutoka Dar es Salaam mwenye darubini shingoni, alikwisha kumtangaza kuwa tai. Alimkadiria umri. Alieleza hata kwa nini hatikisiki: anavizia. Upepo ulipovuma, tai alijaa hewa, akachakarika, akachanika ubavu. Watoto walicheka hadi mmoja akakaa matopeni.

Tumtetee kidogo mjomba. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, hivyo alichokiona kilikuwa adimu kuliko mbega.

Aliyemwokoa ni Bibi, asiye na darubini wala miwani. Alikuwa anachuma mboga kando ya njia akasema, bila kuinua kichwa, "Hondohondo hao, wawili." Mvumo ukasikika, kisha wakapita wenyewe, hondohondo wa mashavu ya fedha, na pembe zao juu ya midomo.

Mabawa yao huvuma kwa sababu upande wa chini hayana manyoya madogo ya kuziba mashina ya yale marefu, hewa ikapenya katikati. Lakini maajabu yenyewe yako nyumbani kwao. Msimu wa kutaga, jike huingia kwenye tundu la mti na mlango huzibwa. Dume humeza udongo, huufinyanga vidonge kooni, huvitapika. Jike huvipokea na kupiga lipu kutoka ndani kwa mdomo wake. Hubaki ufa mwembamba tu. Humo jike hukaa zaidi ya miezi mitatu, analalia mayai na kulea, huku dume akileta matunda tele kooni na kuyatoa moja moja ufani. Haya yalichunguzwa kwa makini Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, na mtaalamu wa ndege Mwingereza, Reginald Moreau, aliyefika huko mwaka 1928 na kusaidiwa na Waafrika walioujua msitu, akiwemo Salimu Asmani.

Aliposimuliwa haya, Bibi aliuliza kama dume naye hulala ndani. Hapana, hulala nje. Mama wa watoto akamtazama mumewe, mumewe akatazama miti.

Wakati wa kula, mkate ulichukuliwa na kima. Mvua ikamalizia chapati.

Njiani kurudi, kijana wa bodaboda aliiona darubini akasimama: "Wazungu wenu wako wapi?" Walipomwambia hawana, aliwasikitikia, kama watu waliopoteza mzigo. Hapo mjomba hakucheka, na alikuwa na haki. Mtu mweusi mwenye darubini Lushoto bado hudhaniwa kuwa amemshikia mtu.

Na kitabu cha ndege alichoazima mjomba kilikuwa cha Kiingereza, mwanzo mwisho. Kuna bundi, chozi na mnana wanaobeba jina la Usambara humo, na kuna ndege mdogo wa sakafu ya msitu asiyepatikana popote duniani isipokuwa Usambara Magharibi. Bibi, aliyezaliwa chini ya miti ya milima hiyo, aliweza kuangalia picha tu. Kila picha aliyoitambua aliitaja kwa Kisambaa, na hakuna aliyekuwa na kalamu.

Wachapishaji, mpeni Bibi kitabu cha Kiswahili. Mjomba ameahidi kununua nakala ya kwanza.