Sifa za Timu Iliyogawa Kila Kitu

Kwa heshima zote, naomba kuisifu Rochdale ya msimu wa 1931–32. Timu hii ya Daraja la Tatu Kaskazini, huko Uingereza, ilicheza mechi 40, ikashinda 4, ikatoka sare 3 na kufungwa 33. Kati ya Novemba na Machi ilipigwa mechi 17 mfululizo, hata sare ya kuzugia haikupatikana. Ikashika mkia na pointi zake 11. Lincoln City, waliochukua ubingwa mwaka ule, wana kombe lao, na mwenye kombe hanihitaji mimi.

Tuanze na ukarimu, maana hapo ndipo penye mali. Wakati ule ushindi ulikuwa na pointi mbili, kwa hiyo katika mechi 40 zilikuwapo pointi 80 za kugombania. Rochdale ilijibakizia 11. Zile 69 iliwagawia watu, wa karibu na wa mbali, nyumbani na ugenini, bila kuuliza kabila wala dini. Mabao nayo iliyatoa 135, zaidi ya matatu kwa kila mechi, iwe mvua iwe jua. Mgeni aliyeshuka kwenye treni Jumamosi mchana alijua haondoki mikono mitupu. Mshambuliaji aliyekauka tangu Agosti, ambaye kocha wake ameshaanza kumtazama kwa jicho la pembeni, alifika pale akapona.

Tena huu haukuwa ukarimu wa mtu asiyejua kubana. Msimu wa 1923–24 klabu hiyohiyo ilifungwa mabao 26 tu katika mechi 42. Rudia kuisoma hesabu hiyo. Mabao 26! Ikamaliza ya pili, pointi moja nyuma ya Wolverhampton Wanderers, na kwa kuwa kila msimu ilipanda timu moja tu, zawadi yake ilikuwa kubaki palepale. Mwaka 1927 ikawa ya pili tena, safari hii nyuma ya Stoke City. Ikabaki palepale tena. Naamini baada ya hapo watu walikaa wakapiga hesabu: ukifungwa 26 unabaki Daraja la Tatu, ukifungwa 135 unabaki Daraja la Tatu, tofauti ni jasho la kipa tu. Wakafungua ghala.

Isitoshe, kugawa ni mila ya mji ule. Ni Rochdale ambako mafundi wachache, wafumaji wakiwamo, walifungua duka lao mtaa wa Toad Lane mwezi Desemba 1844, wakauza unga, siagi, sukari na mishumaa, na faida wakagawana kwa kadiri kila mmoja alivyonunua. Dunia nzima ikaiga ushirika kutoka kwao. Timu ya mpira ilichofanya ni kulipeleka gawio uwanjani. Kosa lake, kama ni kosa, ni kugawa kabla faida haijapatikana.

Sifa nyingine nazipitia haraka. Uvumilivu: Wigan Borough, majirani zao wa Lancashire na wa ligi ileile, waliishiwa fedha wakajitoa Oktoba 1931 baada ya mechi 12, na matokeo yao yote yakafutwa. Ndiyo sababu mechi zikawa 40 badala ya 42. Rochdale haikujitoa. Ilikuwa na miadi ya kufungwa na ikaitimiza yote. Unyenyekevu hauna haja ya maelezo. Na huruma kwa waandishi wa habari, ambao kichwa cha habari cha Jumamosi jioni waliweza kukipanga tangu Alhamisi.

Mtauliza mtoto wa mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro anatafuta nini Lancashire. Sikuitafuta mimi Rochdale, ndiyo iliyonitafuta. Mwaka 1932, timu ikiwa mkiani, serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilipitisha sheria ya vyama vya ushirika, na mwaka uliofuata KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ikaandikishwa. Tangu hapo hakuna semina ya ushirika mlimani iliyofunguliwa bila mji huo kutajwa. Afisa anafika amechelewa, anasimamisha bango kitita lake, anachora duara, anaandika ROCHDALE kwa kalamu nyekundu, na soda zinaanza kuzungushwa. “Mwanachama mmoja?” anauliza. “Kura moja!” tunaitikia. Mzee wa nyuma ananyoosha mkono kuulizia malipo ya pili ya msimu uliopita. Anaambiwa swali ni zuri na mchakato unaendelea.

Mchakato! Kahawa tulipima, mizani ilikuwa ileile inayosoma pungufu kila ikikaribia kilo kumi, malipo ya awali tukapewa, kisha yakaja makato ya ushuru, makato ya usafiri, makato ya magunia. Jamani, gunia nililinunua mwenyewe dukani, na risiti ninayo! Nimekatwaje tena? Na huyo aliyeandika “maendeleo” kwenye mstari wa mwisho wa karatasi, bila kusema maendeleo ya nani, aje atuoneshe.

Samahani. Tulikuwa kwenye mpira.

Jina lile la kwenye bango lilinisumbua mpaka nikawa shabiki kwa hasira. Jumamosi kwenye kibanda umiza, katikati ya vijana waliovaa jezi za Manchester United, mimi nauliza Rochdale wamefanyaje. Ni mji wa jirani kabisa na Manchester, nawaeleza. Wananiuliza kama ni timu au ni dawa ya minyoo.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo bado linanikosesha raha. Zamani zile timu za mkiani hazikushuka kwa hesabu ya pointi. Ziliomba upya uanachama wa ligi, zikapigiwa kura kwenye mkutano mkuu pamoja na klabu za nje zilizokuwa zikibisha hodi. Na kura zilikuwa za nani? Klabu 44 za Daraja la Kwanza na la Pili zilikuwa na kura moja kila moja. Klabu za Daraja la Tatu, Kaskazini na Kusini pamoja, ziliitwa wanachama washiriki na kuachiwa kura chache tu za kuchangia wote. Mji uliofundisha dunia kwamba mwenye hisa nyingi na mwenye hisa moja wana sauti sawa, timu yake ilikwenda kuombea uhai kwenye ukumbi ambao mwenye nyumba kubwa ndiye mwenye mdomo.

Nelson, mji wa pamba wa Lancashire hiyohiyo, walifika kwenye ukumbi huo mwaka 1931. Walikuwa wameshika mkia na pointi 19, baada ya kupoteza kila mechi ya ugenini msimu mzima. Lakini hawa walikuwa mabingwa wa daraja hilo mwaka 1923, na mwaka huohuo walikwenda Hispania wakaifunga Real Madrid 4–2. Waheshimiwa wakapiga kura, Nelson ikatoka, Chester ikaingia. Mwaka uliofuata ikaja Rochdale na pointi 11, nane pungufu ya zile zilizowaponza Nelson. Waheshimiwa wakapiga kura, Rochdale ikabaki.

Kwa nini? Kikao cha namna hiyo hakitoi sababu, kinatoa kura. Nimeyatafakari haya usiku mwingi kuliko inavyompasa mtu mwenye migomba ya kupalilia, na ninachokiona ni watu walioshiba wakiulizwa nani aendelee kukaa mlangoni. Hawampimi kwa kazi yake. Wanamjua, wameshakunywa naye chai, hajawahi kumfunga mtu wao bao la maana, basi akae. Mwaka mwingine mood yao ni mbaya, basi aondoke. Wachezaji waliokimbia matopeni majira yote ya baridi hawakuwamo ukumbini, wala watu wa viwandani waliolipa kiingilio siku za kukosa kazi ili waone timu yao ikigawa gawio.

Mtindo huo ulifutwa, na tangu 1987 anayeshika mkia wa Ligi hushuka kwa pointi zake. Rochdale ilishuka hivyo mwaka 2023, ikaiacha Ligi baada ya zaidi ya miaka 100, na hapakuwa na wa kumbembeleza. Sikulia. Nilisoma msimamo wa ligi, nikajumlisha, ikawa kweli.

Mkutano mkuu wa chama chetu cha ushirika nao ulifanyika. Mwenyekiti alirudishwa kwa makofi, kabla hata wanachama wa nyuma hawajapata viti. Mapato na matumizi hayakusomwa, tukaambiwa kitabu kiko kwa mkaguzi, na mkaguzi yuko safari. Mtu mmoja jirani yangu akasema mwenyekiti huyu amefungwa mengi kuliko timu yoyote duniani. Nikamkatalia, kwa haki ya Rochdale. Ya kwao ya 1931–32 yameandikwa yote, 48 waliyofunga na 135 waliyofungwa, na yeyote anayetaka anaweza kwenda kuyahesabu.